Ndege Mbili za Bujora

Nansio, Ukerewe
9 Februari 2025

Mwanangu Kulwa,

Pokea salamu za mama yako, na nusu yake mpe Doto, asije akasema nimempunja. Sisi huku tunasukuma siku. Mdogo wenu Shija kifua kimeachia, amerudi shule. Dagaa mwezi huu ni wachache, halafu mvua inakuja saa ile ile nimewaanika, kama kuna mtu anaiita. Yule kuku mwekundu hayupo. Ameibwa au ameliwa na kicheche, sitaki kumsingizia mtu.

Sasa sikiliza. Unajiuliza kwa nini mama anaandika barua na simu anayo. Naandika kwa sababu nikikupigia nikakuuliza jambo unaniambia, "Mama, mtandao unakata." Nikiuliza mmekula nini, mtandao mzuri. Nikiuliza mnafanya nini Bujora kila Jumapili badala ya kupumzika, mtandao unakata. Karatasi haina mtandao. Utasoma mpaka chini na utanijibu mpaka chini. Nampa Bilali wa kwenye meli, ataiacha Igogo dukani kwa Mwaija mnakonunua vyuma, na jibu utaliacha hapo hapo.

Huyo Bilali ndiye aliyenichoma. Alikuja kuchukua dagaa zake, akacheka, akasema, "Mama Kulwa hongera, nasikia mapacha wako wanatengeneza ndege." Nikadhani ndege wa kuchonga, wale wanaonunuliwa na wageni wanaokuja makumbusho huko Bujora. Akasema hapana, ndege ya kupanda mtu. Wenzangu pale mwaloni tunakoanika dagaa wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akaniuliza kama nauli itakuwa nafuu kuliko meli.

Kulwa, nimewasomesha ufundi mtengeneze milango na madirisha. Mlango ukikosewa unakwaruza sakafu, basi, hauui mtu. Shemeji Ngosha namheshimu, ni mdogo wake marehemu baba yenu na amewapokea kwake Bujora kama wanawe. Lakini mwambie nauliza: anachunga ng'ombe peke yao, au anachunga na watoto wa kaka yake?

Nijibu nani kawatia wazo hilo, na nani anayepanda.

Ni mimi mama yako, moyo uko juu,
Evelina

---

Kisesa, Mwanza
2 Machi 2025

Mama yangu, shikamoo.

Barua yako niliikuta kwa Mwaija inanukia dagaa, nikajua ni yako kabla sijaona jina. Pole kwa kuku. Sisi wazima. Karakana yetu hapa Kisesa ina kazi, tumepata mageti ya parokia, Doto anachomelea mpaka anasahau kula. Baba mdogo anakusalimu kwa mwangaluka yake, na anasema tangu azaliwe hajapotewa na ng'ombe hata mmoja, sembuse mtoto wa kaka yake.

Mama, usisikilize watu wa mwaloni. Hii ndege haina injini. Ni mabawa ya mianzi na kitambaa, mtu anajifunga chini yake, anakimbia kwenye mteremko, upepo unambeba kidogo na kumweka chini. Wazo lilitoka chuoni. Mwalimu wetu wa michoro alikuwa anasema kila kitu kinaanza na shida, halafu mchoro, halafu mfano mdogo, halafu unaujaribu, unavunjika, unarudi kwenye mchoro bila kununa. Akatupa habari za watu wa kwanza kuruka. Alikuwepo Mjerumani, Lilienthal. Huyo alianza kwa kupima mabawa ya korongo, miaka na miaka. Kisha akajijengea kilima chake mwenyewe karibu na mji wa Berlin, akawa anaruka kutoka juu yake. Hakuna mtu aliyekuwa ameruka kama yeye kabla yake. Baada yake wakaja ndugu wawili wa Marekani waliokuwa na duka la baiskeli, hao ndio waliofika mwisho wa safari wakatia injini.

Kwa hiyo unaona, si uchawi wala wehu. Ni ufundi kama ufundi wa mlango. Nani atapanda bado hatujazungumza.

Wako katika kukupenda,
Kulwa

Mama usijali. Nimenenepa. Doto.

---

Nansio
23 Machi 2025

Kulwa mwanangu,

Habari za huko, habari za kazi, mageti ya parokia yamefika wapi. Huku Shija amekuwa wa nne darasani, amefurahi, nami nimemchinjia jogoo ili kicheche asifaidi peke yake. Mguu wangu wa kushoto unauma mvua ikikaribia, lakini huo nimeuzoea.

Sasa nakuja kwako wewe na Mjerumani wako.

Jumamosi jumuiya ilisali kwangu. Mwalimu Obedi anayemfundisha Shija alikuwepo. Tulipomaliza sala nikamuuliza, kwa kiburi kabisa, maana nilikuwa na mwanangu anayejua mambo, "Mwalimu, unamfahamu Lilientali?" Akasema anamfahamu. Nikasema, "Sasa mwenzetu aliishia wapi, alitajirika?" Mwalimu akanitazama. Akasema, "Mama Kulwa, yule alianguka akavunjika mgongo, kesho yake akafa." Mbele ya jumuiya nzima, nimeshika birika la chai.

Kulwa, umenieleza alivyopanda, hukunieleza alivyoshuka. Umenipa kilima, umenipa korongo, umenipa Berlin, kaburi umelificha. Ungekuwa unaniuzia ng'ombe ungeniambia ana pembe nzuri ukanyamaza kuwa ni kipofu. Hivyo ndivyo nilivyokulea? Tena mtu aliyepima miaka na miaka. Kama aliyepima miaka na miaka alikufa, nyie mnaopima Jumapili baada ya misa itakuwaje?

Mwambie na Doto kwamba "Mama usijali" si habari. Anayekuambia usijali ndiye aliyekwishaona cha kujali.

Na hao ndugu wawili wa baiskeli. Nimewafikiria sana hao. Nataka kujua kama walikuwa na mama. Sitaki unieleze injini. Niambie kama walikuwa na mama, na alisema nini.

Anayekungoja ujibu,
Mama

---

Bujora
4 Mei 2025

Mama mpendwa, shikamoo, na pole kwa mguu.

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua za huku zimekuwa kubwa, barabara ya kwenda Igogo matope matupu, na kazi nazo zimebana. Pasaka tulisali vizuri, kanisa lilijaa mpaka nje. Kwaya iliimba mpaka Baba mdogo akasimama kucheza, na unajua yeye hachezi kirahisi. Hongera kwa Shija, mwambie nitamnunulia begi. Mama mdogo anakusalimu sana, siku hizi kila asubuhi anatupikia supu ya makongoro, anaiweka pilipili manga, tamu kweli. Ng'ombe wawili wamezaa.

Umeuliza kuhusu mama wa wale ndugu. Walikuwa naye, aliitwa Susan. Ndiye aliyekuwa na mkono wa ufundi pale nyumbani, baba yao msumari ulimshinda. Alikuwa anawatengenezea wanawe vitu vya kuchezea kwa mikono yake. Alikufa kwa kifua kikuu kabla hawajaanza mambo ya ndege, kwa hiyo hakusema kitu. Baba yao alikuwa askofu. Aliwaomba wasipande pamoja hata siku moja, ili ikitokea ajali abaki mmoja, nao wakamtii karibu maisha yao yote.

Kuhusu Mjerumani, ni kweli ningekuambia. Nisamehe.

Doto anakusalimu. Ana kazi nyingi, ataandika siku nyingine. Hapa giza linaingia, wacha niishie hapa.

Mwanao,
Kulwa

---

Nansio
18 Mei 2025

Kulwa,

Leo sikusalimu, kwa sababu nilikuja kukusalimu kwa miguu yangu ukanikimbia.

Barua yako niliisoma nikiwa nasonga ugali. Nikasoma kwaya, nikasoma pilipili manga. Mwiko ukanisimama mkononi. Mimi namjua mke wa Ngosha miaka mingi, hajawahi kupika makongoro kila asubuhi, hata kwenye msiba wa baba yenu hakupika. Makongoro ya kila asubuhi ni ya mtu anayeungwa mfupa. Kisha nikatazama chini ya karatasi, mstari wa Doto haupo. Nikapiga simu yako ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga ya Doto, haipatikani. Nikampa Shija mwiko, kesho yake nikapanda meli.

Nimefika Bujora, shemeji Ngosha kuniona tu akaenda kuhesabu ng'ombe. Nikamfuata humo humo zizini na gauni langu la kusafiria.

"Karibu shemeji," ananiambia.

"Sijaja kukaribishwa. Yuko wapi?"

"Yupo ndani. Alianguka kidogo tu."

"Kidogo kwa kipimo gani, Ngosha? Cha debe au cha kisoda?"

Akaanza upya kuhesabu ng'ombe.

Ndani nikamkuta mwanangu amelala, mguu umefungwa hogo la plasta kutoka kwenye vidole mpaka juu ya goti, jeupe kama nguzo ya kanisa, na watu wamemwandikia majina yao juu yake. Anacheka. "Mama umekuja, sasa nani kabaki na dagaa?" Nilitaka kumpiga. Nikaona nitaanzia wapi, nikakaa chini nikalia.

Nikauliza, "Kulwa yuko wapi?" Mama mdogo wenu akasema umeenda Igogo kununua waya. Kikombe chako cha chai kilikuwa mezani kinatoa moshi, Kulwa. Mtu anayeenda Igogo humaliza chai.

Basi nimemchukua Doto, nimempandisha melini amebebwa mgongoni na Bilali kama gunia la mihogo, sasa yuko hapa kwangu. Anakula, anasikiliza redio, nikiuliza habari ya kuanguka anageukia ukutani.

Lakini kabla sijaondoka nilipita kwenye kibanda chenu cha kutengenezea ndege. Nikaona mianzi iliyovunjika na kitambaa kilichochanika, hiyo nikaielewa, ndiyo iliyomwangusha mwanangu. Juu yake, imening'inizwa kwenye paa, nikaona nyingine. Nzima. Haina hata vumbi. Sikumwuliza mtu, maana aliyepaswa kunijibu alikuwa anakimbia.

Ndege mbili za nini? Na nyie mnaopima, mkachora, mkapima tena, ilikuwaje ikaanguka? Nijibu mpaka chini kama nilivyokuambia mwanzo.

Mama yako, ambaye hajapoa

---

Kisesa
8 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Ni kweli nilikukimbia. Sikwenda Igogo. Nilikuwa nyuma ya zizi, nimechuchumaa, na kila ulichomwambia Baba mdogo nilikisikia. Kisha nikanyatia mpaka dirishani, nikakuona umeshika lile hogo kwa mikono miwili. Nikashindwa kutoka. Ningejua utanipiga, ningetoka. Nilijua ungelia.

Umesema nijibu, najibu, na usije ukasema nimekukosea heshima.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Watu walikuwa wamesikia, wakaja wengi, wengine na watoto wao, wamekaa kwenye majani kama wanangoja ngoma. Doto akakimbia mteremkoni, upepo ukamwinua kweli, watu wakapiga vigelegele. Halafu pua ya ndege ikapanda juu, ikasimama hewani kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, ikaangukia upande. Mabawa yalikuwa mafupi kwa uzito wake. Hayo ndiyo yote. Yalikuwa mafupi.

Unauliza kwa nini mafupi. Mama, tulinunua kitambaa cha miavuli cha ndege moja. Mchoro wangu ulikuwa wa ndege moja, mabawa marefu, na ule mfano mdogo tulioujaribu uliruka vizuri mpaka ng'ambo ya korongo la maji. Siku ya kukata kitambaa Doto akaniuliza, "Na yako?" Tena aliuliza kwa kunionea huruma, maana mwanzo tulikubaliana aanze yeye. Mimi sikuona hata kama ni swali la kushangaza. Nilikikunja kitambaa katikati nikakata, kama ulivyokuwa unakunja kitenge wewe ukakata, huyu chake na huyu chake. Mianzi nayo tukaigawa. Nikafupisha mabawa kwenye mchoro, nikajiambia yatatosha. Ya mafupi hatukuyajaribu hata kwa kamba. Tulikuwa tunakimbizana na Pasaka, ndege mbili zinachukua muda kuliko moja.

Unataka kujua nani kawatia wazo la ndege mbili. Hakuna aliyetutia. Ndivyo tulivyo. Doto alipougua surua nilikunywa dawa yake. Aliponyolewa kwa sababu ya mapunye nilinyolewa na mimi, nikaenda shule nina upara mtoto wa kike, wakanicheka muhula mzima. Ulisema mmoja akibaki na jambo peke yake ataugua. Ulisema wewe, mama, siyo mimi.

Sasa ameruka na mimi sijaruka. Mama mdogo ameanza kuniangalia. Jirani ameniuliza kama siogopi mguu wa Doto utakataa kuunga kwa sababu yangu. Ndege yangu iko nzima, umeiona. Saba Saba nitaipanda kama ilivyo, nimalize. Usinikasirikie, nafanya vile ulivyonilea.

Kulwa

---

Nansio
15 Juni 2025

Mwanangu Kulwa,

Bilali nimemwambia barua hii asiiache kwa Mwaija. Akuletee mkononi, na asiondoke hapo mpaka umemaliza kusoma, hata kama meli itamwacha. Mpe chai.

Doto hajambo. Anajikuna ndani ya hogo kwa kijiti cha mfagio, nimemkataza hasikii.

Sasa fungua masikio. Mlipozaliwa mimi nilikuwa binti wa Kikerewe aliyeolewa Usukumani, sikujua kitu. Bibi yenu, mama wa baba yenu, alinikalisha chini akanifundisha sheria ya mapacha. Ukimpa huyu uji mpe na mwenzake. Ukimvisha huyu mvishe na huyu. Nilishika, na ningezaliwa tena ningeshika. Lakini ulikuwa uji, Kulwa. Nguo. Viatu vya Krismasi. Dawa, sawa, dawa ni kitu kizuri, nilikugawia. Hata upara nilikugawia kwa sababu mapunye yangekufikia tu, mlikuwa mnalala mto mmoja. Mlipokuwa na miaka sita Doto alipasuliwa jipu kwenye zahanati, unakumbuka? Nilikushika nikakupasua na wewe? Daktari alimpa peremende, nikamwomba na yako. Jipu lilibaki la mwenyewe. Bibi yenu alikuwepo na hakusema neno.

Mmeichukua sheria ya sufuria mkaipeleka angani, halafu unaniandikia mimi ati ndivyo nilivyowalea. Nani alikuambia maumivu yanapakuliwa kama uji? Huyo jirani anayeulizia mguu wa Doto mwambie aje aniulize mimi, nina majibu yake.

Tena mimi nilipokunja kitenge nikakata katikati nilijua kinatosha nguo mbili. Kama kilitosha nguo moja sikukata, nilikopa kingine. Wewe una cheti cha ufundi kimewekwa fremu ukutani kwangu, wageni wanakisoma. Ukaona kitambaa hakitoshi ukafupisha mchoro ili kitoshe. Hilo hukufundishwa na mimi wala na bibi. Hilo ni lako, na nimekasirika kuliko nilivyokasirika kwa Mjerumani.

Barua yako nilimsomea Doto yote. Nilipofika kwenye Saba Saba akalia, mwanaume mzima na hogo lake. Akasema, "Mama, mwandikie asipande ile. Mwambie nimesema mimi." Kwa hiyo hana jambo analokudai. Unasikia? Amesema kwa kinywa chake na Shija ni shahidi.

Halafu akaomba penseli. Amekuwa anachora tangu juzi, karatasi zimejaa kitandani, anakula anachora. Anasema msikate kitambaa kipya. Mchukue mabawa yako, mtengeneze yale yake yaliyochanika, muyaweke mawili hayo kwenye ndege moja, moja juu na jingine chini, katikati mtie vijiti na waya za kukaza, ndivyo walivyofanya wale ndugu wawili. Mimi naona kama kichanja cha dagaa cha ghorofa, ila yeye anasema mafupi mawili yatabeba kama refu moja, au karibu na hapo. Mchoro nimeukunja humu ndani. Uusome wewe.

Nikishindwa kuwazuia basi nawawekea masharti. Iwe ndege moja. Muifunge kamba kama tiara, hata hao ndugu walianza na tiara, Doto kanieleza. Muipakie viroba vya mchanga vya uzito wako na zaidi, ianguke na mchanga mpaka ichoke kuanguka. Na mtu asiinue mguu wake kutoka ardhini mpaka mimi niwe nimesimama hapo. Yule askofu alikuwa na akili, lakini wanawe waliruka kwanza, yeye akaja kuona baadaye. Mimi sikubali hivyo.

Saba Saba hakuna kupanda. Niandikie kwamba umesikia.

Mama yenu wote wawili

---

Bujora
24 Agosti 2025

Mama, shikamoo.

Nilisikia. Saba Saba nilikuwa karakana nachomelea dirisha, muulize Baba mdogo.

Hongereni kwa hogo kutolewa. Mwambie Doto mchoro wake ulikuwa na kosa moja, vijiti vya nyuma alivipa urefu sawa na vya mbele, bawa la chini likawa linatazama ardhini. Nimevirekebisha, asijifanye hajui. Vinginevyo ni mzuri sana, sikumtegemea. Mwambie hivyo pia.

Tumeirusha kwa kamba tangu katikati ya Julai, kila upepo ulipokuwa wa kutosha. Mara ya kwanza ilipindukia nyuma na viroba vikapasukia juu ya ndama. Tukarudi kwenye mchoro, tukasogeza mzigo mbele. Mara nyingine ikavunja mwanzi wa chini, tukaweka mnene. Siku moja ilipanda na mchanga wote ikamburuta Baba mdogo na kamba yake mpaka kwenye miiba, tukamtoa anacheka na shati halina mgongo. Wiki nzima iliyopita haikuanguka. Ilikuwa inakaa hewani imetulia, na mchanga wa uzito wangu na zaidi.

Mama, kuna jambo.

Alhamisi jioni tulikuwa tunairusha tu, mimi, Baba mdogo, na mama mdogo ameshika kamba ya upande wa pili. Kiroba kimoja kikatoboka, mchanga ukamwagika, ndege ikawa nyepesi inataka kuondoka. Nikasema nitajifunga mimi badala ya kiroba, ili isivunjike, kwa kamba tu. Ndivyo nilivyosema. Nilipojifunga upepo ukaja, nikapiga hatua, na hatua nyingine haikupata ardhi. Wakakimbia nami wameshika kamba pande mbili, mama mdogo akajikwaa kamba ikamtoka, Baba mdogo akaona akiendelea kushika upande mmoja atanipindua. Akaachia.

Nilivuka malisho yote. Sikuwa juu sana, kidogo juu ya migongo ya ng'ombe. Wote waliinua vichwa. Nikashuka kwenye shamba la karanga lililovunwa, nikapiga goti, nimechubuka goti tu na nimeshapaka dawa. Ndege nzima.

Hukuwepo. Najua sharti lako lilikuwa nini. Nimeandika siku ya tatu kwa sababu siku mbili za kwanza sikujua nianzeje.

Nisamehe.
Kulwa

---

Nansio
29 Agosti 2025

Kulwa,

Barua imefika leo asubuhi, Bilali mwenyewe kaniletea mpaka mlangoni. Aliposikia hakucheka. Wale wa mwaloni nao wameshasikia, maana Doto ametangaza kwa sauti kama mnadani, na aliyeniuliza habari ya nauli nimemuuliza atakata tiketi ya dirishani au ya katikati.

Ila wewe nina neno na wewe.

Nimekukataza tangu Februari. Nimesali, nimesafiri, nimegombana na shemeji yangu zizini mbele ya mifugo. Nimekuandikia masharti, tena masharti yenyewe hayakuwa mengi, na lililokuwa kubwa ni kwamba niwepo. Siku yenyewe ikafika, mama mdogo wako yupo, Ngosha yupo, mimi niko hapa nageuza dagaa. Ng'ombe wa Ngosha wamemwona mwanangu akiruka, mimi niliyemzaa sijamwona. Unadhani hilo linapona kwa "nisamehe"?

Na usinieleze kiroba kilitoboka. Viroba vinatoboka kila siku duniani na watu hawaruki. Ulitaka, ukaruka. Ungeandika hivyo ningekuelewa haraka zaidi.

Doto ameisoma barua mwenyewe. Nilimtazama usoni nione kama kuna kitu. Alichukua penseli akaweka alama kwenye vile vijiti vya nyuma, akasema, "Kweli nilikosea," akaomba ugali. Yeye hapandi mpaka daktari aseme mguu umekaza, na akianza kudai kwamba na yeye apande siku hiyo hiyo, nitamjibu mimi. Kila mtu kwa siku yake.

Tunakuja Jumamosi ya wiki ijayo na meli ya asubuhi, mimi na yeye na fimbo yake. Mwambie mama mdogo asihangaike na kupika, nitakuja na samaki. Kagueni kila waya, na hilo goti lipone, kwa sababu utapanda tena. Hunisikii vibaya, nimesema utapanda tena, nikiwa nimesimama hapo ninatazama. Na kamba ya upande wa Ngosha naishika mimi, yeye akachunge ng'ombe wake. Nitaivuta kwa nguvu zangu zote, nitakimbia nayo na mguu wangu huu mbovu mpaka malisho yaishe, na sitaiachia mpaka nisikie sauti yako mwenyewe kutoka huko juu ikiniambia, "Mama, achia."

Evelina, mama yako